Mtoto Amehitimu Sekondari Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kadi, Zawadi na Sherehe

Kuanzia Aprili hadi Juni, familia za Waswahili waishio Marekani huanza kupokea kadi za watoto wanaomaliza darasa la 12, na wengine huwa zamu yao ya kuzituma. Waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya huuliza karibu maswali yale yale, kwa sababu kwetu kadi ina maana yake na huku ina maana nyingine. Majibu haya yanafuata desturi ya huku, lakini hayamtaki mtu aache ya kwao pale yanapofaa.

Nimepokea kadi yenye picha ya mtoto wa jirani akiwa amevaa joho. Je, nimealikwa?

Tafuta vitu vitatu: mahali, saa, na herufi RSVP, yaani ombi la kujibu kama utakuja. Kama havipo, hiyo ni kadi ya taarifa. Familia inakujulisha kwamba mtoto fulani amehitimu shule fulani mwaka huu, na hutakiwi kwenda popote.

Kinachowachanganya wengi ni kadi rasmi zinazouzwa kupitia shuleni. Hizo huandikwa kwa niaba ya darasa zima na mara nyingi hutaja siku na saa ya mahafali. Hata hivyo si mwaliko, maana shule nyingi huingiza watu kwa tiketi. Anayetakiwa kwenda hupewa tiketi mkononi au huambiwa wazi. Kagua pia ndani ya bahasha kama kuna karatasi ndogo ya pili, kwani mara nyingi hiyo ndiyo yenye mwaliko wa sherehe ya nyumbani.

Kupokea kadi ya taarifa ni kudaiwa zawadi?

Hapana. Naomba hili lieleweke kabla ya yote, kwa sababu limewafanya watu wema wakae kimya badala ya kumpongeza mtoto, eti kwa kuwa mfukoni hamna kitu.

Tunajua chanzo chake. Dar es Salaam au Mwanza, kadi ya kwanza kukufikia huwa ya mchango. Ina nafasi ya kuandika ahadi na namba ya simu ya mhazini. Ukishachanga ndipo unaletewa kadi ya mwaliko, single (ya mtu mmoja) au double (ya wawili) kulingana na ulichotoa. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo akiona kadi nzuri yenye picha, mkono unakwenda kwenye pochi wenyewe.

Kadi ya taarifa ya Marekani haina mhazini wala ahadi. Inachokudai ni pongezi, basi. Piga simu, tuma ujumbe, au andika kadi ya hongera yenye sentensi mbili tatu za kweli. Kijana wa miaka 18 anayesikia mtu mzima akimwambia "nilikuona ukifika hapa hujui hata neno moja la Kiingereza, na leo umemaliza" amepata kitu kikubwa. Ukiwa na uwezo na ukapenda kutoa, toa kwa moyo mweupe. Ukialikwa kwenye sherehe na ukaenda, kawaida watu hubeba zawadi au kadi yenye chochote ndani, lakini hata hapo si kiingilio.

Sisi tutume kadi za taarifa kwa nani?

Kwa wale ambao wangefurahi kujua hata kama hamtawaalika: ndugu walio majimbo ya mbali, walimu waliomfundisha zamani, kocha wake, mchungaji, imamu au padri, watu wa shirika waliowapokea uwanja wa ndege mlipofika, majirani wa nyumba ya kwanza mliyopanga. Watu wa kundi hili la mwisho husahaulika sana, nao ndio hufurahi kuliko wote. Yule mama mzee aliyekuwa akimpeleka mtoto maktaba Jumamosi anastahili kadi kuliko mtu ambaye hamjaongea kwa miaka kumi.

Usimtumie kila aliyemo kwenye simu yako. Kadi ikifika kwa mtu asiyemfahamu mtoto kabisa, atajiuliza inataka nini kwake. Kipimo kizuri ni kumuuliza mtoto mwenyewe kama anamkumbuka mtu huyo. Asipomkumbuka, acha.

Zitumwe lini?

Mwaliko wa sherehe utume wiki tatu au nne kabla, ili watu wapange kazi zao. Taarifa inaweza kutumwa wiki mbili kabla ya mahafali au hata wiki kadhaa baada yake. Kama mtoto bado ana somo linaloning'inia, subirini shule ithibitishe kwamba amekamilisha masharti yote. Hapa tunatofautiana na nyumbani. Tanzania mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, kwa hiyo tunamshangilia mtoto ambaye matokeo yake hayajulikani. Marekani sherehe huja mwisho, kazi ikiwa imekwisha, na kadi husema jambo lililokwisha kutimia.

Lazima tununue kadi zinazouzwa shuleni?

Si lazima hata kidogo. Kampuni zinazouza joho, pete na kadi huja shuleni mapema katika mwaka wa mwisho na kutoa fomu yenye vifurushi vya bei tofauti. Mtoto huileta nyumbani kana kwamba ni ada. Mara nyingi kinachohitajika kweli ni joho na kofia, na hata hivyo muulize mshauri wa wanafunzi kama shule ina joho la kuazima kwa familia zenye kipato kidogo. Nyingi wanayo, ila hawatangazi.

Kadi mnaweza kuchapisha kwenye duka la picha, au kutengeneza kwa simu na kuzitoa kwenye karatasi ngumu. Uzuri wa kadi ni usahihi wa jina na picha inayoonyesha uso vizuri. Epukeni bahasha za mraba, maana posta ya Marekani hutoza zaidi kwa bahasha zisizopita kwenye mashine zao. Kwa bahasha ya kawaida, stempu ya Forever inatosha. Stempu hizo zilianza mwaka 2007 na hubaki halali hata bei ikipanda, kwa hiyo zilizokaa kabatini tangu zamani zitumieni.

Kadi iandikwe nini, na kwa lugha gani?

Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili hupendeza mno, na humpa bibi wa mtoto kitu anachoweza kusoma mwenyewe. Maneno yawe machache. Mfano: "Kwa furaha na shukrani kwa Mungu, sisi wazazi tunawajulisha ndugu, jamaa na marafiki kwamba binti yetu amehitimu masomo ya sekondari." Kisha jina lake kamili, jina la shule, mji na mwaka. Ukitaka kuongeza anakokwenda, iwe chuo, kazi au jeshi, mstari mmoja unatosha.

Usiandike "zawadi ziletwe kwa fedha taslimu" wala namba ya kupokelea pesa. Huku hilo huonekana kama kuombaomba, hata kama kwetu ni jambo la kawaida kwenye kadi ya mchango. Anayetaka kutoa atauliza.

Familia zetu hazina umbo moja. Wazazi walioachana wanaweza kuandikwa wote wawili, kila mmoja mstari wake, bila neno "na" kati yao. Mzazi aliyefariki hawezi kuwa ndiye anayetoa taarifa, lakini mtoto anaweza kutajwa kuwa ni "mtoto wa" mama aliye hai na marehemu baba yake, na kwa wengi hilo ni jambo la heshima kubwa. Kama mtoto alilelewa na shangazi, mjomba, kaka mkubwa au walezi wa Kimarekani, waliomlea ndio waandikwe. Mtoto aliyefika bila wazazi anaweza pia kutoa taarifa kwa jina lake mwenyewe.

Ndugu walioko nyumbani tuwatumie vipi?

Kwa karatasi, tarajia kuchelewa. Tanzania na Kenya barua huenda kwenye sanduku la posta, kwa hiyo hakikisha una namba ya S.L.P. inayofanya kazi, mara nyingi ya kanisa, shule au kazini kwa mtu. Stempu ya kimataifa ya Global Forever hubeba barua nyepesi hadi nchi yoyote. Kwa mashariki ya Kongo usitegemee posta kabisa.

Wengi hutuma picha ya kadi WhatsApp na mambo huishia hapo. Mimi ningeomba jambo moja zaidi. Usiidondoshe kwenye kundi la ukoo na kunyamaza. Wakubwa wa familia, babu, bibi, baba mkubwa, wapigiwe simu kwanza, na mtoto mwenyewe azungumze: "Shikamoo babu, nimemaliza shule." Mzee asipate habari ya mjukuu wake kutoka kwenye kundi pamoja na watu wengine mia.

Kama una wasiwasi kwamba habari hiyo italeta maombi ya ada na pesa, wasiwasi huo ni halali. Lakini usimfiche mtoto kwa sababu hiyo. Jibu la "hatuna kwa sasa" linaweza kutolewa kwa adabu siku litakapoulizwa.

Tumepewa tiketi chache na sisi ni wengi. Nani aende?

Hesabu hutegemea ukumbi. Mahafali yakiwa kwenye uwanja wa mpira tiketi huwa nyingi. Yakihamishiwa ndani kwa sababu ya mvua hupungua. Amueni mapema, kwa siri ya nyumba, na mtoto awe na neno. Wazazi au walezi kwanza, kisha babu na bibi walio karibu, kisha ndugu wa damu. Ulizeni familia za wenzake kama zina tiketi za ziada, na ulizeni shule kama itarusha sherehe moja kwa moja mtandaoni. Watakaobaki wapewe kazi ya heshima, kwa mfano kupika na kumpokea mhitimu mlangoni. Asibaki mtu akidhani amesahaulika.

Vigelegele vinaruhusiwa?

Sikiliza tangazo la mwanzo. Shule nyingi huomba watu wasishangilie mpaka jina la mwisho lisomwe, ili mtoto anayefuata naye asikike akitajwa. Hiyo ni hoja ya haki: mama wa yule mwingine naye amekuja kusikia jina la mwanawe. Shule nyingine zinaacha watu washangilie wapendavyo.

Sehemu chache zimekuwa kali kupita kiasi. Mwaka 2015 katika mji wa Senatobia, Mississippi, watu waliopaza sauti kumshangilia ndugu yao walifunguliwa mashitaka ya kuvuruga amani. Baadaye mashitaka hayo yalifutwa, lakini hakuna anayetaka siku ya furaha ifike huko. Kama wamekataza, nyamazeni ukumbini, halafu mkishatoka nje pigeni vigelegele mpaka magari yasimame. Na wale wanaosherehekea kwa kumwagia mhitimu poda, kama ifanywavyo Kongo matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, wafanye nyumbani, baada ya joho kuvuliwa.

Mtoto anaweza kuvaa kitenge au kanga juu ya joho?

Ulizeni kwa maandishi, mwezi mmoja kabla, na msisubiri siku yenyewe mlangoni. Kanuni hutofautiana shule kwa shule. California ina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2019 inayomruhusu mwanafunzi wa shule ya umma kuvaa pambo lenye maana ya kidini au kitamaduni pamoja na joho. Kwingineko mara nyingi uamuzi huwa wa wilaya ya shule. Mkikataliwa, kitenge kinaweza kushonwa kuwa gauni au shati la ndani ya joho, na shada za maua au za noti mkamvisha nje ukumbi ukishafungwa. Hijabu huvaliwa chini ya kofia. Kinachosaidia ni kuijaribu kofia nyumbani na kuibana kwa pini.

Kishada cha kofia hukaa kulia, kisha huhamishiwa kushoto wahitimu wakitangazwa rasmi. Mtoto ataelekezwa siku ya mazoezi.

Jina la mtoto huwa linaharibiwa likisomwa. Tufanyeje?

Shule nyingi humpa mhitimu kadi ya kuandika jinsi jina linavyotamkwa. Mtoto asiandike haraka haraka. Agawanye silabi, aonyeshe mkazo uko wapi, kisha amfuate msomaji siku ya mazoezi na amtamkie. Jina kama Nshimirimana au Mwamvita halina ugumu kwa anayesoma silabi kwa silabi. Watoto wengi hujikunja na kusema "vyovyote tu." Mzazi, usimwache aseme vyovyote. Hilo ni jina alilopewa na ukoo, na litasomwa mbele ya watu mara moja tu.

Kagueni pia jina litakaloandikwa kwenye cheti. Karatasi za ukimbizi mara nyingi zilipanga majina upya, la ukoo likawa la kwanza, au herufi zikabadilika. Shule itafuata iliyo nayo kwenye kumbukumbu. Kama jina limerekebishwa, kwa mfano wakati wa uraia, pelekeni nakala ofisini miezi kadhaa kabla.

Sherehe ya nyumbani inafanywaje huku?

Majimbo ya katikati, kama Minnesota, Iowa na Wisconsin, watu hufanya wanayoiita open house. Kadi hutaja saa ya kuanza na ya kumaliza, tuseme saa saba mchana hadi saa kumi. Mgeni huja wakati wowote kati ya hizo, hula, hutazama picha za mtoto tangu utotoni, humpongeza, huacha kadi yake kwenye sanduku, huondoka. Siku hiyo hiyo anaweza kuwa na sherehe nyingine tatu. Kwa hiyo mgeni wa Kimarekani akikaa dakika arobaini asidhaniwe amechukia. Na chakula kiwe tayari saa iliyoandikwa, maana atafika saa hiyo hiyo.

Kwa watu wetu, andaeni sehemu ya pili jioni, mkeka utandikwe, muziki upigwe, wazee waseme neno, mtoto aombewe dua. Familia nyingi zimefanya hivi na wageni wa pande zote wakafurahi. Chakula msijitese kutafuta cha kigeni: pilau, sambusa, kuku, kachumbari na mandazi huisha kabla ya keki. Andikeni kikaratasi kidogo kando ya kila sahani kisemacho ni nini na kama kina nyama au karanga.

Kamati na michango ni sawa ndani ya jamii yetu, kwa wanaoelewa utaratibu. Msimwingize jirani au mwalimu kwenye kundi la michango.

Kuhusu pombe, sheria ni miaka 21 nchi nzima. Sheria ya shirikisho ya 1984 ndiyo iliyoyasukuma majimbo kufika hapo. Wahitimu wako chini ya umri huo, na katika majimbo mengi mwenye nyumba huwajibika wakinywea kwake. Kwa sherehe hii, soda na juisi ya ukwaju.

Zawadi kiasi gani inafaa?

Hakuna kiwango. Mara nyingi utaona jirani au rafiki wa familia akiweka dola 20 hadi 50, na ndugu wa karibu akitoa zaidi. Dola 10 ndani ya kadi iliyoandikwa vizuri haimfedheheshi yeyote. Usitume noti kwa posta. Hundi ni salama zaidi, na iandikwe jina lilivyo kwenye akaunti yake. Zawadi zisizo pesa zinazosaidia kweli ni begi la safari, shuka na taulo kwa anayekwenda bweni, vifaa vya kazi kwa anayeanza ufundi. Kanga yenye maneno mazuri haijawahi kukosea kwa binti.

Shukrani zitolewe vipi?

Kwa mkono wa mtoto, kwa kalamu, kwa kila mtu peke yake. Nikiwa na jambo moja la kusisitiza katika ukurasa huu wote, ni hili, kwa sababu ndilo linaloachwa zaidi kwetu. Sisi hushukuru kwa mdomo, mbele ya watu, na tunaona tumemaliza. Mmarekani husubiri barua fupi, na isipofika huona zawadi yake haikufika au haikuthaminiwa.

Siku ya sherehe, mtu mmoja awe na daftari aandike nani ametoa nini. Ndani ya wiki mbili tatu, mwezi ukizidi sana, barua ziwe zimeondoka. Mistari minne inatosha: amshukuru mtu kwa jina, ataje zawadi, aseme ataitumiaje, ataje kumbukumbu moja kati yao. Aandike tano kila siku mpaka ziishe. Walioleta chakula, waliopanga viti na waliomwendesha shuleni nao waandikiwe. Mama asimwandikie.

Mtoto wetu alifika akiwa na miaka 17 na amemaliza akiwa na 20. Wengine wamefanya GED, mtihani unaompa mtu cheti kinacholingana na cha sekondari. Nao watume kadi?

Ndiyo, bila kupunguza herufi hata moja. Majimbo mengi huruhusu kusoma shule ya umma hadi miaka 21, na kijana aliyeanza darasa la kwanza kambini Nyarugusu au Kakuma, akafika huku na kujifunza algebra kwa lugha mpya, amefanya kazi ya watu wawili. GED nayo ilianza mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokuwa hawajamaliza sekondari, na vyuo vingi na waajiri wengi huitambua. Kadi isiseme uongo kuhusu shule. Iseme amepata cheti cha kumaliza sekondari, na mwaka. Umri hauandikwi kwenye kadi.

Ninapompongeza mhitimu, nimuulize anakwenda chuo gani?

Usianze na hilo. Wapo wanaokwenda kazini, jeshini, kwenye ufundi, au wanaobaki nyumbani mwaka mmoja kumsaidia mama. Swali hilo likirudiwa na wageni thelathini humfanya mtoto ajione amepungukiwa katika siku yake mwenyewe. Muulize nini kilimfurahisha shuleni, au anatamani kufanya nini sasa. Na usimlinganishe na mwanao wala na binamu yake, hata kwa kumsifu.

Tuweke picha mtandaoni?

Akikubali mwenyewe. Cheti kikionekana na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa au anwani ya nyumba, zifunikeni. Bango la uani lenye jina na picha, ambalo lilienea sana mwaka 2020 mahafali yalipofungwa kwa sababu ya korona, litolewe baada ya wiki chache. Picha zenye watoto wa wengine ombeni ruhusa kwa wazazi wao.

Tumechelewa, sasa ni Agosti. Bado tunaweza kutuma?

Tumeni. Taarifa ya kuhitimu hupokelewa vizuri majira yote ya kiangazi, na haihitaji maelezo ya kwa nini imechelewa. Kama mtoto ameshahamia bwenini, ongezeni anwani yake mpya kwenye karatasi ndogo, ili mwenye kutaka kumwandikia ajue pa kumpata.